Jiwe la Philipo

Haya yalimkuta rafiki yangu Abdulhamidi, aliyekuwa akiuza magari Singida mjini miaka ile biashara ilipofunguliwa. Mpaka leo akiyasimulia hushusha sauti.

Aliletewa barua kutoka Dar es Salaam: pikapu zile mpya zirudishwe zote, breki ya mkono inaachia. Akaichana, maana pikapu moja ilikuwa bado haijapata mteja. Wiki iliyofuata akamuuzia Philipo wa Kilimatinde. Alipomwona anaweka jiwe nyuma ya tairi, kama walivyozoea madereva wa kule mlimani, alimcheka.

"Gari jipya haliwekewi jiwe, bwana! Unaniaibisha."

Philipo akalitupia jiwe nyuma ya pikapu, asilitumie tena. Haukupita mwezi, pikapu ikaserereka kwenye mteremko wa nyumbani kwake, ikambana ukutani, akafa.

Abdulhamidi alipokwenda kuhani, mjane, Martina, alimletea jiwe lile kwa mikono miwili. Hakuwa na chozi.

"Chukua, shemeji. Utalihitaji."

Akalikataa, akaondoka bila kunywa hata maji.

Jioni ile umeme ulikatika. Alikuwa uani kwake anatawadha, akasikia breki ya mkono ya pikapu yake mwenyewe, kule chini getini, ikishushwa: krrr, tak. Kisha matairi yakaanza kusaga kokoto, polepole, yakija.

"Nani humo?"

Akawasha tochi.

Pikapu ilikuwa imepanda mwinuko mzima, injini ya baridi, haina mtu, imesimama shubiri moja kutoka magotini pake. Na nyuma ya tairi, ili isirudi, lilikuwa limewekwa jiwe la Philipo.