Kiti cha Mzee Hapana

Kiti kilikuwa na joto. Wifi, dada wa marehemu, alikigusa kwa bahati mbaya alipokuwa akisogeza meza ya chai, akauvuta mkono haraka na kumtazama mwenye nyumba. Hakuna aliyekuwa amekikalia tangu marehemu azikwe.

Marehemu alikuwa mume wa huyo mwenye nyumba, fundi cherehani, na watu walimwita Mzee Hapana kwa kuwa neno hilo lilimtoka kabla hujamaliza sentensi. Ukisema leo kuna joto, yeye hapana, joto lilikuwa jana. Ndiye aliyeanzisha mazungumzo ya kila Jumatano jioni sebuleni kwake, kwa sharti moja tu: asitoke mtu humu bila kupingwa. Miaka na miaka walibishana humo mpaka majirani wakagonga ukuta, kisha wakaagana kwa vicheko. Alipofariki, wenzake wakakiacha kiti chake wazi, na kila wakimaliza mada mmoja alikigeukia akauliza, "Na wewe Mzee, unasemaje?" Wakanyamaza kidogo, wakacheka, wakaendelea.

Jamani, utani mwingine ni wa kuogopa. Ukimwuliza swali asiyekuwepo, kila wiki, ukanyamaza kumsubiri, unajuaje atakayejibu ni nani?

Jumatano hiyo mwalimu wa hesabu alikuwa akitetea kiboko shuleni. Kinyozi alimpinga kwa nguvu zote, wifi akawapinga wote wawili, na mwishowe kinyozi akakigeukia kiti. "Na wewe Mzee, unasemaje?"

"Ndiyo," kiti kikajibu. "Mwalimu yuko sahihi kabisa."

Sauti ilikuwa ileile ya marehemu, na mkwaruzo wake wa sigara. Harufu ya udongo mbichi na nywele zilizoungua ikajaa sebuleni. Chai ilimmwagikia kinyozi mapajani na wala hakuisikia.

"Shemeji," alinong'ona, "tutoke humu."

"Tokeni ninyi!" Fundi alikuwa analia kwa furaha. "Mume wangu, ni wewe?"

"Ndiyo, mke wangu. Ni mimi."

Kuanzia jioni ile mwalimu hakusema tena. Alifundisha kwa kuandika ubaoni tu, na mkewe akadhani amenuniwa. Jumatano iliyofuata kiti kilikubaliana na kinyozi, na kile kibanda chake cha kunyolea, ambako watu walikwenda kwa ajili ya porojo zaidi ya nywele, kikabaki na mlio wa mkasi peke yake. Jini lile halikumpiga mtu wala kumkaba. Ukiuliza, lilijibu tu; ukidai jambo, lilikubaliana nawe kwa upole, na maneno yako yakaisha.

"Wifi," dada wa marehemu alimnong'oneza fundi jikoni, "kaka yangu aliwahi lini kukubaliana na mtu?"

Fundi alikuwa amelijua hilo tangu siku ya kwanza, na alikuwa amelificha, maana alitaka kuisikia ile sauti. Nani angemlaumu?

Wakamwita mganga. Alikuja na mkoba mkubwa na majivuno makubwa zaidi. "Hili nalijua," alisema huku akitoa ubani. "Linaniogopa."

"Ndiyo," kiti kikasema. "Nakuogopa sana."

Mganga alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Akachukua mkoba wake akaondoka pekupeku, viatu akaviacha mlangoni.

Sasa walibaki wanne: mwalimu na kinyozi, ambao walikuwa wamekuja vilevile, mabubu, kwa ukaidi tu, na wale mawifi wawili wameshikana mikono kwenye kochi. "Usiseme kitu," wifi alinong'ona, "tufunge chumba hiki, tusikutane tena." Harufu ya nywele ilizidi mpaka macho yakawawasha, pazia likavutwa ndani na kusukumwa nje ingawa dirisha lilikuwa limefungwa, na kiti kikaanza kulia taratibu kama vile mtu mzito anajiweka sawa amsikilize mwenzake, na fundi akahisi kwamba kinachomngoja pale hakina haraka, kwamba kitamngoja mpaka aseme lolote, hata dogo, hata la chai, kisha kimkubalie na nyumba hii iwe kimya mpaka mwisho wake.

Hasira ikampanda. Hii ilikuwa sebule yake.

"Wewe si mume wangu," alisema.

"Ndiyo, mke wangu. Si mimi."

Fundi alihisi maneno yanakatika moja moja, akalivuta lililobaki kwa nguvu zake zote.

"Basi toka!"

Sauti ikasema, "Hapana."

Lo! Ilikuwa hapana yake hasa, fupi, yenye kejeli kidogo mwishoni, ile aliyoolewa nayo. Angeweza kukaa akaisikiliza mpaka kufa.

Lakini mwalimu aliruka kutoka alipokaa akapiga meza. "Hapana nini?" Sauti yake ilikuwa imerudi, imekwaruza, kali. "Lete sababu!"

"Sababu!" kinyozi akadakia. "Hujaalikwa, hujafiwa, unabisha nini?"

Kwa mara ya kwanza lilikuwa limepinga, na nguvu yake ya kuwanyamazisha ikakatika; nalo kupingwa halikuzoea. Wote wanne wakalivamia kwa maneno, wakikatizana, wakitukana, wifi akicheka huku machozi yanamtoka, na fundi akipiga kelele kuliko wote. Pazia likatulia. Harufu ikaisha. Majirani wakagonga ukuta.

Fundi alilia usiku kucha, na hakuona aibu. Jumatano iliyofuata aliwafungulia mlango kama kawaida, na mada ilikuwa kama wajane waolewe tena au la. Katikati ya ubishi, nje ya dirisha, sauti yenye mkwaruzo wa sigara ilimwita kwa jina la chumbani, ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulijua. Ikamwita tena, kwa kubembeleza.

Wenzake waliacha ubishi wakamtazama. Yeye alimmiminia mwalimu chai.

"Endelea, Mwalimu," alisema. "Paza sauti. Bado sijakubaliana nawe."