Kijiti cha Buluu

Mwaka wa 1994 nilikuwa darasa la sita, na kazi yangu kubwa nyumbani ilikuwa moja tu. Kila siku nikirudi kutoka shule, kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, nilimpimia bibi yangu mkojo.

Bibi Khairiya alikuwa na ugonjwa wa sukari. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hata rangi hakuweza kuzitofautisha, kwa hivyo daktari alinifundisha mimi. Bibi aliniwekea mkojo katika kikombe cha plastiki msalani. Nilichovya kijiti chembamba chenye kipande cha karatasi nchani, nikahesabu hadi thelathini, kisha nikalinganisha rangi yake na zile zilizochapishwa ubavuni mwa chupa. Buluu, hakuna sukari. Kijani, ipo. Kahawia, imezidi. Jibu niliandika daftarini, na Bibi alikula kwa kufuata jibu hilo.

"Tazama vizuri, Mahira," alikuwa akiniambia. "Macho yangu ni wewe."

Siku moja nilikuwa nimeshatawadha na kuvaa gauni langu jeupe la chuoni. Nilichovya kijiti kwa haraka, tone la mkojo likaruka likaniingia kwenye gauni. Mkojo ni najisi, na sikuweza kushika msahafu na nguo ile. Nikabadilisha, nikatawadha upya, nikafika chuoni nimechelewa. Mwalimu alinisimamisha mlangoni mpaka wenzangu walipomaliza kusoma, na wote walipita wakinitazama.

Kesho yake nilikitazama kikombe, nikalitazama na gauni langu. Nikaumwaga mkojo, nikachovya kijiti kwenye ndoo ya maji safi. Kilibaki buluu. Nilijua ninalolifanya, sitajisingizia ujinga.

Nilifanya hivyo mwezi mzima.

"Buluu tena?" Bibi aliuliza.

"Buluu, Bibi."

"Alhamdulillahi. Basi nikatie kipande cha halua, na wewe jikatie chako."

Nilijikatia, tukala pamoja.

Kiu haikumtoka, na msalani alikuwa haishi kwenda. Alisema ni joto. Baba alipomshauri aende kwa daktari, Bibi alimwonyesha daftari. "Si haya hapa, Kamaludin? Mwanao aniandikia kila siku. Sina neno."

Kisha makubadhi mapya yakamchubua kidole cha mguu. Kidonda kilikuwa kidogo, lakini hakikufunga. Baada ya wiki mbili kilikuwa cheusi na kinanuka. Baba alimpeleka hospitali, na huko Bibi akakatwa vidole viwili. Daktari alilifungua daftari langu, akaligeuza ukurasa baada ya ukurasa.

"Sukari imemjaa mwilini, na hapa pameandikwa buluu siku thelathini," alisema. "Huenda vijiti hivi vimeharibika."

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Sikusema.

Baba alichukua ile chupa ya vijiti, akanishika mkono, tukaenda moja kwa moja mpaka kwenye duka la dawa la Bwana Chirau, karibu na Tononoka. Duka lilikuwa na wateja.

"Bwana Chirau," Baba alisema kwa sauti iliyosikika hadi nje, "umeniuzia vitu vibovu. Mamangu amekatwa vidole kwa sababu yako."

Watu waligeuka. Mama mmoja alirudisha mezani dawa aliyokuwa ameishika, akaondoka zake. Nami nikaona aibu yangu ikimwangukia mtu asiye na kosa.

"Pole sana kwa mama, Kamaludin," Bwana Chirau alisema taratibu. "Hebu nipe hiyo chupa."

Alikoroga glukosi ya unga katika bilauri ya maji, akachovya kijiti kimoja. Kabla ya kumaliza kuhesabu thelathini, kijiti kilikuwa kahawia. Kisha akachovya kingine katika maji matupu. Kilibaki buluu, buluu ileile niliyoijua mimi.

"Vijiti ni vizima," alisema. "Nani humpimia mama?"

"Huyu binti yangu," Baba alijibu. Halafu akanigeukia.

"Baba," nilisema, "nilikuwa nachovya maji."

Sijapata kumwona Baba akiinamisha kichwa mbele za watu ila siku ile. Nilifungua kinywa kumwomba radhi Bwana Chirau, lakini Baba alinizuia. "Ngoja. Aliyemtukana ni mimi, nitaanza mimi." Alimwomba radhi, nami nikafuata. Bwana Chirau alitusamehe. Lakini yule mama aliyeondoka hakuwapo kuyasikia hayo.

Bibi aliporudi nyumbani Kibokoni, mguu umefungwa bandeji, nilipiga magoti kando ya kitanda chake nikamweleza yote.

"Kwa ajili ya gauni?" aliuliza.

"Naam, Bibi."

"Gauni likiingia mkojo hutiwa maji likatahirika, mwanangu. Hili uliloniandikia halitoki kwa maji. Nimekula kwa neno lako, nimelala kwa neno lako. Ungen'ambia tu, 'Bibi, leo sikupima,' ningekukaripia yakaisha, na vidole vyangu ningekuwa navyo. Kazi ikikushinda, sema imekushinda. Usimpe mtu uongo akautegemea kama dawa."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Lakini vidole havirudi. Yakumbuke yote mawili."

Daktari alimwanzishia Bibi sindano, na polepole kidonda kikafunga. Mimi nilirudishiwa kazi yangu. Sasa nilipima kwanza, nikanawa, ndipo nikatawadha na kuvaa gauni. Jambo jepesi namna hiyo, na siku zote zile sikulifikiria.

Siku ya kwanza nilichovya, nikahesabu, nikalinganisha.

"Rangi gani?" Bibi aliuliza.

"Kijani, Bibi."

Aliitikia kwa kichwa, kisha akageukia mlangoni. "Kamaludin," aliita, "njoo utizame na wewe."

Baba alikuja, akakichukua kijiti mkononi mwangu, akakipeleka dirishani penye mwanga. "Ni kijani," alisema. Hapo ndipo Bibi aliponiambia niandike.