Chiriku Alipokaa Kimya

Kwa siku nne mfululizo, Chiriku aliamka mapema akafuatana na baba yake kwenye karakana ya baiskeli chini ya mlima. Jina hilo alilipata kwa sababu ya mdomo wake. Hata akinawa uso alikuwa anaongea. Baba alifanya kazi ya ufundi huko ugenini, na kwa miaka miwili familia yake ilikuwa ikimsikia kwenye simu tu. Sasa mama, kaka na Chiriku walikuwa wamekuja kumtembelea.

Baba alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kumkabidhi mtu baiskeli, aliliinua gurudumu la mbele, akalizungusha, akabonyeza breki kwa vidole, akasikiliza. Kisha alimgeukia Chiriku.

"Ubovu?"

"Breki ya nyuma imelegea," alijibu Chiriku. Au, "Mnyororo mkavu." Hakuna baiskeli iliyotoka mlangoni kabla swali hilo halijajibiwa.

Siku ya tano baba alipewa mapumziko, siku hiyo moja tu. Kesho yake wageni wangepanda basi kurudi nyumbani. Basi wakapanga wapande mlima kwa miguu mpaka kwenye kibanda cha juu. Huko gari la karakana lingewapelekea baiskeli, wateremke nazo wote wanne.

Kichwa kilianza kumgonga Chiriku walipovuka daraja, hata nusu ya njia hawajafika. Kila hatua iliuma mpaka kwenye meno.

"Leo redio imeishiwa betri?" kaka alimtania.

"Napumzisha sauti."

Mama aligeuka. "Mwanangu, uko sawa?"

"Niko sawa, mama."

Alimpa kaka mkate wake, akasema ameshiba. Mbele kidogo alijificha nyuma ya jiwe, akatapika, akafukia kwa changarawe. Akisema, watarudi. Wakirudi, siku ya baba imekwenda. Akafuta mdomo, akapanda.

Kwenye kibanda, gari lilikuwa limeshashusha baiskeli na kuondoka; baba alizikagua zote nne. Alipofika kwa Chiriku alimfunga mkanda wa kofia ngumu, taratibu, asije akambana kidevu.

"Ubovu?"

"Hamna."

"Na mwendeshaji?"

"Naye hamna," alisema Chiriku, akatazama pembeni.

Wakaanza kuteremka. Kwenye kona ya tatu barabara iliyumba machoni pake. Chiriku alianguka kwenye changarawe, goti likachubuka, na pale pale akatapika mbele ya wote. Alipojaribu kusimama, miguu ilimkataa.

"Imeanza saa ngapi?" baba aliuliza.

"Tangu darajani."

Baba hakumgombeza. Uso wake tu ndio uliozeeka. "Huku juu hewa ni nyepesi, na imemshinda," alimwambia mama. "Dawa ya kwanza ni kushuka, na tunashuka sasa hivi."

Akambeba mgongoni. Mama alisukuma baiskeli mbili, na kaka mbili, moja kila mkono. Kaka hakutania tena. Alivua koti lake akamfunika dada yake, akateremka akitetemeka kwa baridi. Ukungu ulifunga. Hawakuona bonde wala kilele. Kona baada ya kona siku ile ilikwisha.

Zahanati ya chini ilikuwa na kitanda kimoja. Nesi alimpima, akamfunga goti, akasema, "Mngechelewa kushuka, ningekuwa nawaambia mengine."

Kichwa kilipotulia, Chiriku alinong'ona, "Baba, nimeiharibu siku yako."

Alitarajia baba aseme haidhuru. Baba hakusema hivyo.

"Imekwenda, mwanangu. Nyingine sijui nitaipata lini." Akasogea karibu na kitanda. "Baiskeli haina mdomo, ndiyo maana naiuliza kwa vidole. Wewe unao, tena mkubwa. Ungesema pale darajani, tungerudi chini tukakaa kando ya mto, tukala mikate yetu mpaka jioni. Mimi mlima nauona kila siku. Niliwataka nyinyi."

Chiriku hakuwa amelifikiria hilo. Alijifunika koti la kaka mpaka machoni, akalia.

"Mwili ukiuma, sema mapema," baba aliendelea, akimpapasa kichwa. "Anayekupenda hawezi kukusaidia kwa jambo ulilomficha."

Asubuhi, kwenye kituo cha basi, baba alikaza mkanda wa begi la Chiriku kama alivyokaza ule wa kofia.

"Ubovu?" aliuliza.

Neno "hamna" lilimfika Chiriku mdomoni. Akalimeza.

"Goti linauma. Kichwa kidogo. Na sitaki kukuacha, inauma kuliko goti."

Baba aliitikia kwa kichwa, akampandisha begi mabegani.

"Haya. Sasa naweza kukuruhusu uende."

Basi likaondoka. Chiriku alitazama dirishani mpaka baba hakuonekana tena, kisha akamlalia mama begani, akaanza kumweleza kila mahali palipomuuma.