Jingo la Stesheni

Dada aliitika, "Abee," na hakuna aliyemwita.

Alikuwa ameinamia cherehani, futi shingoni, pini zimebanwa midomoni, gauni la bibi harusi wa watu limelala mapajani. Alipoitika, pini zilimdondoka moja moja sakafuni, naye hakuziona. Runinga ilikuwa pembeni inajisemea peke yake. Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Msomi kwa kuwa alikaa na digrii yake nyumbani muda mrefu kuliko aliokaa kuisomea, akamuuliza anamwitikia nani. Dada akasema kasikia anaitwa, labda masikio tu, uzee unabisha hodi. Akacheka, akaendelea kushona.

Msomi hakucheka. Alijua kilichopita kwenye runinga dakika ile. Kilikuwa kazi ya mikono yake.

Stesheni ile ya runinga ilikuwa inakufa kifo cha mende, miguu juu. Mtu akifika pale na rimoti yake anapita kama anayepita dampo, pumzi kaibana. Bosi, kijana ambaye sivii yake yote ni mjomba mwenye stesheni, alimchukua Msomi kwa majaribio amtengenezee jingo, kile kipande kifupi cha nembo na mlio kinachopita kati ya kipindi na kipindi, ili mtu hata akiwa jikoni ajue yuko stesheni gani.

"Nataka sound inayomshika mtu hapa," bosi alisema, akajishika koo. "Asibanduke. Ukinipa hiyo, mkataba huu hapa. Ukishindwa, mlango unaujua."

Msomi alijaribu kinanda, akajaribu filimbi, akajaribu ngoma. Vyote vilitoka na sura ya tangazo la sabuni. Ndipo akakumbuka alichokificha kwenye simu yake.

Mwaka uliopita dada alipandwa na jini. Alikuwa hali, halali, anaimba kwa sauti isiyo yake. Aliyemtoa ni mganga ambaye kazi yake ya kila siku ni ufundi friji, mtu asiye na makuu, aliyekuja na ubani ndani ya boksi la spana. Kabla hajaanza aliwaonya wote chumbani. Kila jini ana wimbo wake, na wimbo huo ndio jina lake. Huyu akitoka atauimba kuaga. Asiufuatishe mtu, asiupige mluzi mtu, na simu zizimwe. Wakazima. Msomi aliilaza yake kifudifudi na kuiacha inarekodi, maana chuo kilimfundisha kwamba hayo ni mambo ya washamba, na isitoshe alikuwa mtu wa kuokota milio kama wengine wanavyookota vizibo vya soda. Wimbo ulipotoka, nywele zilimsimama. Hakuwahi kusikia kitu kizuri namna ile.

Basi akakata sekunde saba za mwanzo, akazitandika chini ya nembo. Bosi alisikiliza, akaomba arudiwe. "Bwana mdogo, this is gold."

Toka hapo, kila kipindi kilipokwisha, stesheni ilikuwa inamwita jini kwa jina lake.

Dada akaanza kukonda. Akawa anakanyaga cherehani bila kitambaa, sindano inatoboa hewa, tak tak tak, na chumbani kukatanda harufu ya nywele zilizoungua hata pale ambapo hakuna moto uliowashwa; na Msomi akizima runinga yao ilisikika ya jirani, akifunga dirisha ilisikika ya kinyozi ng'ambo ya barabara, na kila jingo lilipopita dada aliinua uso taratibu kama mtu aliyeguswa kidevu na kidole asichokiona, akaitika, na kila alipoitika sauti ilishuka kidogo, ikanenepa kidogo, mpaka siku moja jioni, wakati wa taarifa ya habari, iliyoitika haikuwa ya mwanamke.

Wakamwita fundi friji. Alikaa kwenye kigoda, akasubiri, akasikia jingo likipita. Mikono yake ikatulia magotini.

"Nilimfungia njia ya kurudi," alinong'ona. "Labda aitwe. Nani kamwita?"

Msomi alitazama vidole vyake vya miguu. Angeweza kunyamaza, kunyamaza alikuwa amekuzoea. Lakini mbele yake alikaa mwanamke aliyeshona magauni ya harusi za wenzake, yeye mwenyewe asiolewe, ili mdogo wake afike chuo.

"Ni mimi," alisema.

Mganga hakumtukana. Alimwambia akaufute wimbo, wote, kesho yake, kisha yeye atamtoa mgeni. Dada, kutoka mkekani, alimshika mkono. "Hukukusudia, mdogo wangu. Ufute tu, yaishe."

Afadhali angemzaba kofi.

Asubuhi Msomi alikaa mbele ya kompyuta kule stesheni, akavaa hedifoni, akaufungua wimbo. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kufuta. Wimbo ukakatika wenyewe, na ndani ya masikio yake mtu akavuta pumzi.

"Usinifute," sauti ilisema, kwa upole wa mgeni mstaarabu. "Kule kwenu nilikuwa na kifua kimoja cha fundi cherehani. Hapa nina sebule zisizo na idadi. Niache hewani, na dada yako simgusi tena."

Alipoinua macho bosi alikuwa amesimama mlangoni na mkataba, anauliza mbona anatoka jasho na feni inazunguka. Watazamaji wameongezeka, alisema. Watu wanakaa tu, hawabadilishi.

Msomi alijiambia anafanya kwa ajili ya dada. Akatoa kidole kwenye kitufe, akatia saini.

Alipofika nyumbani jioni alimkuta dada kakaa sawasawa, macho yametulia, sahani tupu kando yake, anachomoa mishono ya ovyo aliyoshona alipokuwa mgonjwa. Alimuuliza neno moja tu, kama ameufuta.

"Nimeufuta."

Dada alimvuta kichwa, akamwombea: Mungu amfungulie kila mlango, kama alivyomfungulia yeye leo. Msomi akaitikia amina. Ilipita kooni kama mwiba wa samaki.

Ng'ambo ya ukuta, mke wa jirani, mwenye kichanga cha mwezi, alikuwa anaimba. Alianza na zile sekunde saba. Kisha akaendelea, polepole, akaingia kwenye sehemu ambayo haijawahi kurushwa hewani. Kichanga kilikuwa kimya kabisa.

"Nani huyo anaimba vizuri hivyo?" dada aliuliza. Katika wote waliokuwamo chumbani siku ile jini alipotolewa, ni yeye peke yake asiyeukumbuka wimbo.

"Runinga tu ya jirani hiyo."

Dada alikata uzi kwa meno.

"Runinga gani, mdogo wangu? Umeme umekatika tangu adhuhuri."