Msamaha wa Nusu ya Mkeka

Shakuru fundi alikutwa asubuhi chini ya gari, katika gereji yake mtaani Jabe, macho wazi. Taa za gari zilikuwa zikiwaka mchana kweupe, na redio ndani yake ilikuwa ikisoma matokeo ya mpira, kana kwamba marehemu bado anasikiliza.

"Jeki imeteleza," majirani walisema.

Inspekta Léonce hakulimeza hilo. Daktari wa polisi aliigeuza maiti, akagusa kisogo. "Hili ni pigo la spana. Gari limeshushwa juu ya mtu aliyekwisha kufa."

Hakuna kilichoibwa. Fadhila, mke wa marehemu, alikuwa mkavu wa macho. "Mume wangu hajazulumu mutu," alisema. "Nani alimuchukia?"

Uchunguzi ulipokwisha, maiti ikarudishwa nyumbani. Léonce, Mkristo, alisimama nyuma ya waombolezaji. Waoshaji walinong'ona kwamba macho ya Shakuru yamekataa kufumba; yakifungwa, yanafunguka. Aliyeshika kichwa wakati wa kuosha ni Ilyasi, fundi mwenzake. Léonce haamini mizimu, lakini nywele zilimsimama.

Jeneza likiwa mlangoni, imamu akauliza kama ilivyo ada: mwenye kumdai marehemu aseme, ama amsamehe.

"Mi namudai," Ilyasi akasema, sauti kama si yake. "Lakini nimemusamehe. Ile nusu namuachia, alale."

Kilio cha wanawake ndani kikakatika. Watu wakatazamana. Deni gani hilo, lisilojulikana hata na mke?

Léonce alisubiri wazike, kisha akamchukua Ilyasi ofisini.

"Nusu gani?"

"Ya mkeka wa kubeti. Tuliucheza pamoja, mechi nne, faranga elfu kumi."

"Odi zake?"

"Mbili, tatu, mbili, tano. Unazizidisha zote: sitini. Mara elfu kumi, laki sita. Yangu laki tatu."

"Alikupa ngapi?"

"Elfu sitini. Eti mechi ya nne, ile ya odi kubwa, imeahirishwa kwa mvua. We shefu, mkeka ukikosa mechi moja si umekufa? Ukilipa, basi umelipa wote. Nikajua amenilia pesa."

"Ukafanya nini?"

"Alikuwa ameinama. Nikachukua spana. Halafu nikamulaza chini ya gari, nikateremusha jeki. Lakini siku ya kumuosha, ananitazama tu. Niliogopa, shefu. Nikasema nikimusamehe atafumba."

Léonce akatoka, akapiga simu kwenye duka la kubeti, akarudi polepole.

"Mechi uliyoshindwa inaua mkeka. Iliyoahirishwa haiui. Odi yake inahesabiwa moja, nyingine zinaendelea. Haya, zidisha."

Ilyasi akazidisha kwa kidole juu ya meza. Mbili mara tatu, sita. Mara mbili, kumi na mbili. Mara moja, bado kumi na mbili. Akasita, akarudia tangu mwanzo, midomo ikicheza.

"Laki na elfu ishirini," akasema. "Nusu yangu sitini."

"Sitini."

"Apana." Akajishika kichwa. "Alinipa zote. Shefu, mumuambie Fadhila kama alinipa zote."

"Utamwambia mwenyewe," Léonce akasema, akafungua mlango. "Yuko hapa nje na pesa kwenye kitambaa. Amekuja kulipa deni la mume wake."