Kurasa Mbili Alizoruka Nasma

Kila alasiri, akishavua sare za shule na kula, Nasma alitoka barazani kumsomea Bibi Siti gazeti. Nyumba yao ilikuwa moja ya nyumba chache za chini zilizobaki katika mtaa wao wa Kariakoo. Kushoto ghorofa, kulia ghorofa, nayo imebanwa katikati, bati lake la zamani likichomwa na jua la mchana.

Zamani kazi hiyo ya kusoma ilikuwa ya Babu Uledi. Alikuwa na sauti nzito, na wapita njia wenye marobota ya vitambaa walisimama kidogo kumsikiliza. Akifika kwenye habari ndefu za kuchosha aliziruka, na Bibi akacheka. Babu alipofariki, macho ya Bibi nayo yakiwa yamepungua nguvu, kazi ikamwangukia Nasma, aliyekuwa darasa la sita. Alimkumbuka sana Babu saa ile ya alasiri. Hata kuruka habari alijifunza kwake.

Alhamisi moja Bibi hakumpa gazeti. Alimpa karatasi zilizobanwa pamoja, mkataba wa kuuziana umeme. Kampuni moja ya umeme wa jua ilitaka kufunga paneli juu ya nyumba bila Bibi kutoa hata shilingi, kisha Bibi awe anaununua umeme huo kwa bei nafuu. Bibi aliuza barafu za ukwaju na ubuyu, na majokofu yake matatu yalikula umeme kama hayana akili nzuri. Alitamani sana nafuu hiyo.

"Nisomee taratibu, mjukuu wangu," alisema. "Jumamosi kijana wa kampuni anakuja, niweke sahihi."

Nasma alisoma kurasa nne bila shida. Ukurasa wa tano ulijaa maneno mazito: "kiwango cha chini cha ununuzi", "marekebisho ya bei ya kila mwaka". Hakuelewa, na aliona haya kusema, maana Bibi alikuwa akimsifu kwa majirani kwamba anasoma kama mtangazaji wa redio. Isitoshe, rafiki yake Zamzam alikuwa kashasimama pembeni akimngoja waende kucheza viwanja vya Mnazi Mmoja. Nasma akafunua kurasa mbili kwa mpigo, akatua kwenye ukurasa wa sahihi.

"Ndiyo yote?" Bibi aliuliza.

"Ndiyo yote, Bibi."

Ijumaa jioni, wakila wali na samaki, Bibi alisema, "Marehemu alipokuwa akinisomea, nilikuwa sina wasiwasi. Na sasa wewe upo, sina wasiwasi tena."

Nasma akalirudisha tonge sahanini. Alipomaliza kuosha vyombo aliuchukua ule mkataba, akakaa uani na kuzisoma zile kurasa mbili kwa kidole, neno kwa neno. Aliposoma mara ya tatu, akaelewa. Kila mwezi Bibi angelipia kiasi fulani cha umeme, autumie asiutumie. Nasma akakumbuka kwamba kila Ramadhani Bibi huzima majokofu yote na kwenda kwa dada yake Kilwa. Tena bei ingepanda kila mwaka, shilingi tano katika kila mia, kwa miaka ishirini. Nafuu ile isingedumu.

Alirudi ndani, akasema yote. "Kwa hiyo uliziruka?" Bibi aliuliza.

"Lakini hata Babu alikuwa anaruka," Nasma alijitetea.

"Babu yako akiruka alinambia, 'Hapa naruka, Siti, wanabishana tu.' Nami nikamruhusu. Wewe umenambia ndiyo yote."

Maneno hayo yalimuuma Nasma kuliko kofi, akalia. Bibi akamwacha alie mpaka akanyamaza mwenyewe. "Haya, anzia ukurasa wa tano," akasema. "Ukikuta neno usilolijua, liwekee alama. Kesho tutamuuliza mwenye mkataba wake."

Asubuhi kijana wa kampuni, jina lake Godbless, alifika na kalamu mkononi. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kalamu weka kwanza, mjukuu wangu ana maswali."

Nasma aliuliza moja moja, sauti ikiwa ndogo mwanzoni. Godbless hakuficha kitu, alieleza kila neno.

"Mwezi wa Ramadhani majokofu yangu hayawaki," Bibi alisema. "Nitalipia umeme gani?"

"Ndivyo mkataba ulivyo, Mama. Huu si kitenge, bei yake haishuki."

"Kama haishuki, mbona humu inapanda kila mwaka?"

Godbless akacheka, akajikuna kichwa. Bibi, ambaye kabla ya barafu aliuza khanga sokoni kwa miaka thelathini, alikuwa sasa yuko kazini. "Na hiyo miaka ishirini! Nina sabini na moja. Utakuja kunidai wapi?"

Godbless aliondoka kwenda kuzungumza na wakubwa zake, akarudi wiki iliyofuata na karatasi mpya. Mwezi wa Ramadhani uliondolewa. Miaka ikawa kumi na miwili. Bei bado ingepanda, ila shilingi mbili tu katika mia. Nasma alisoma kurasa zote mpaka koo likakauka, akisimama kila alipokwama. Ndipo Bibi akaandika jina lake kwa herufi kubwa, taratibu, kama Babu alivyomfundisha siku walipooana.

Godbless alipokwenda, Bibi alimvuta Nasma karibu.

"Yule kijana hakunidanganya, mama. Yote aliyaandika. Aliyekaribia kunitia kitanzini ni wewe, ninayekupenda, kwa sababu ya haya tu. Mtu akikupa kazi ya kumsomea, amekupa na maisha yake. Kitu hujui, sema hujui. Sitakucheka hata siku moja."

"Nimeelewa, Bibi," alisema Nasma, na safari hii alikuwa ameelewa kweli.