Wapagazi wa Bohari Namba Tatu

Wapagazi walikuwa sita, lakini karatasi ya Aloys ilikuwa na majina saba, na hilo la saba lilikuwa la mwanamke.

Aloys alikuwa karani wa Bwana Thabit, mfanyabiashara mwenye mabohari matatu karibu na bandari ya Bujumbura, na kazi yake aliijua kama Baba Yetu. Mpagazi akipita mlangoni na gunia la chumvi begani hutaja jina lake, naye karani huandika bila kuinua uso. Sasa alikuwa akiutazama mwandiko wake mwenyewe: Elvire, gunia moja. Tangu lini mwanamke akabeba magunia Zone Industrielle, mtaa wa viwanda?

"Nani ananichezea?" aliuliza.

Bonfils, mpagazi aliyeanza kazi wiki ile, aliinamisha kichwa haraka, na Aloys akamwekea alama moyoni. Ulikuwa mwaka wa pili wa vikwazo, nchi iko vitani, wanajeshi wameshika serikali, na mtu aliweza kuchukuliwa kwa neno moja alilolisema baani. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku hizo kila mtu mjini alikuwa akikagua nguo zake.

Aloys alikuwa na sababu kuliko wengine. Melchior, mume wa dada yake Daphrose, alikuwa mpagazi papo hapo bandarini. Alithubutu kuuliza mbele za watu majirani zake walipelekwa wapi, na kesho yake gari lisilo na namba likaja kumchukua. Ilikuwa miezi miwili sasa. Kila mchana Daphrose alipeleka chakula kwenye kituo kimoja kisicho na hata kibao, na kila mchana askari walipokea sufuria. Wote waliokuwa na mtu wao ndani waliijua sheria hiyo: wakipokea chakula, mtu wako yu hai, wakikirudisha, nenda ukalie kwako. Daphrose alikuwa akiishi kwa sufuria hiyo.

Siku ya pili majina yalifika tisa. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, jua kali nje, Aloys aliamua kuinua uso kila jina linapotajwa.

"Loïc," ilisema sauti mbele ya meza, sauti ya mtu aliyeelemewa na mzigo.

Mbele ya meza hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, ya nguo zilizolowa zikafungiwa siku nyingi, na chini yake harufu nyingine ambayo Aloys hakutaka kuijua. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka kumi na miwili, ukaendelea kuandika kila kilichotajwa, huku sakafu ikilia kwa nyayo za watu wasioonekana waliokuja mmoja nyuma ya mwingine kutoka kona ya giza ya bohari, wakitaja majina yao polepole, bila haraka, kama watu wenye siku nzima, mpaka mmoja akakohoa kidogo kabla ya kujitaja, kikohozi ambacho Aloys alikisikia kila Jumapili mezani kwa dada yake, kisha akasema, "Melchior."

Kalamu ilimdondoka. Aliikunja karatasi, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Thabit.

"Patro," alimwambia bosi wake kwa sauti ya chini, "ufunguo ya namba tatu ulimupatia nani?"

Thabit alifunga mlango kwanza. "Bwana moja wa Kigobe, mukubwa ya jeshi. Aliomba mwezi moja tu, kabla ya chumvi kuingia. We ungemukatalia?"

"Walitia nini mule?"

"Sikuuliza." Mzee yule alipangusa jasho kwa kofia yake. "Ni jini, Aloys. Bohari ikikaa tupu, majini yanahamia. Lete hiyo karatasi. Nani ameiona?"

"Apana mutu."

"Na we, nani alikutuma kuandika hizo majina?"

"Hakuna mutu alinituma, patro. Mi naandika tu ile nasikia."

Walitazamana, kila mmoja akimpima mwenzake kama mpelelezi. Kisha Thabit akaichoma karatasi ndani ya sahani ya majivu. Aloys alimchukia wakati ule, na alijichukia pia, kwa sababu moyoni alifurahi kidogo kuiona ikiteketea.

Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, Maalimu Mohamadi, aliyeitwa na Thabit kumtoa jini, alikuja kutoka mtaa wa Buyenzi na chetezo chake. Wapagazi wote waliitwa ndani, milango ikafungwa, udi ukafukizwa. Maalimu alisoma Ayatul Kursiy mara saba, kisha akafanya kama wanavyofanya waganguzi wote: akamhoji jini.

"Jina lako?"

Kona ilijibu kwa sauti nyingi pamoja. Zilitaja majina, zikataja majina ya baba zao na vilima walikozaliwa. Maalimu alinyanyua nyusi. Jini wa kweli hutaja jina moja, tena kwa kulazimishwa. Lakini kazi ni kazi.

"Nani aliwatuma?"

Hapo bohari lote lilipiga yowe. "Sijue, afande! Naapa, sijue! Nilisema yote, afande, nilishasema yote!"

"Elvire!" Bonfils alianguka magotini. "Elvire, ni mimi, kaka yako!" Kumbe aliitafuta kazi ile ili amfuatilie dada yake aliyechukuliwa. Aloys, aliyemdhania kuwa mpelelezi, aliona aibu mpaka machozi.

Maalimu aliinua bakuli la maji yaliyooshewa aya. Angeacha pale, mengine yasingetokea. Lakini aliogopa, na mtu akiogopa hushika alichozoea, na maneno ya kumfukuza jini ni yale yale tangu kwa walimu wake. Alimwaga maji ya kombe sakafuni akapaza sauti: "Kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, tokeni hapa! Rudini kwa aliyewaleta!"

Mlango mkubwa ulifunguka wenyewe, na nyayo zikatoka nje, nyingi, zikielekea mjini.

"Alhamdulillahi," alisema Thabit. "Imekwisha."

Aloys alikwenda Bwiza kwa dada yake, akijipanga njia nzima jinsi ya kumwambia. Alimkuta Daphrose ndiyo kwanza anafika, sufuria kichwani, bado nzito.

"Leo wameikatala, kaka," alisema, lakini uso wake ulikuwa unang'aa. "Lakini yuko muzima! Nimemusikia kwa masikio yangu, anataja jina yake ndani kule, na wengine wengi. Na maaskari, kaka, ungewaona! Mumoja alitoka mbio, bunduki ameiacha, akanishika mikono. Aliniambia, 'Mama, nakuomba, mwambie bwana yako anyamaze.' Mutu wa bunduki ananiomba mimi! Ni kwa nini?"

Aloys aliteremsha sufuria kutoka kichwani mwake, akamketisha kizingitini, akamwambia yote, tangu jina la kwanza mpaka la mwisho.

Daphrose alilia mpaka majirani wakatoka, wakasimama mbali, wakimwogopa mtu anayeliliwa bila maiti. Halafu akafuta uso kwa ncha ya kitenge chake.

"Basi asinyamaze," alisema.